Kumtuma Betri Dukani

"Mama, nakuuliza wewe. Mwanangu kakaa kitini tangu katuni yenu ilipokwisha, nikimwita haitiki, anasema yeye hayupo hapo, yuko darini. Sasa nimfanyeje? Njooni mmteremshe ninyi!"

Huyo alikuwa baba wa watu, na mimi hata kiti sijakikalia sawasawa. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: "Asante kwa maoni yako, mpendwa mtazamaji. Tutayafikisha panapohusika." Akaniporomoshea matusi ya nguoni, akakata. Kabla sijavuta pumzi, taa nyingine ikawaka kwenye simu.

Mimi sikuwa mtu wa simu. Kazi yangu pale kwenye kituo cha televisheni ilikuwa chumba cha kanda, kule chini kusiko na dirisha, kupanga kanda za vipindi na kuwatolea wanaozitaka. Nilikipenda chumba kile kwa sababu kanda hazina makelele. Lakini wiki ile simu za watazamaji zilikuwa hazishikiki, wasichana wa mapokezi wameshaanza kulia kwa kutukanwa, basi kila mwenye ulimi akapandishwa juu akasaidie.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kipuuzi, kama visa vingi vya maofisini. Mkuu wa vipindi alikuwa mtu wa haraka. Alioneshwa picha za kuchorwa, akaona mtoto wa kike kasukwa mikia miwili, akasema, "Katuni hii. Iwekeni saa za watoto." Hakuna aliyeitazama hata sehemu moja mpaka mwisho. Kwetu pale chochote kilichochorwa kilikuwa cha watoto, kama vile chochote chenye mpira kilikuwa cha wanaume, na hapakuwa na mtu wa kubishana na mkuu wa vipindi akishasimama kwenda kula.

Sasa sikia ilivyokuwa hiyo katuni. Kuna mtoto anaishi katika nyumba ndefu yenye ngazi. Kila akisikia hatua za mtu zikipanda, anajivua mwenyewe, jinsi wewe na mimi tunavyovua gauni. Mwili anauacha umekaa kitini, yeye anabaki mstari mwembamba tu wa penseli, anapanda ukutani mpaka kwenye ufa wa dari, anaingia humo na kuangalia chini. Ule mwili kitini unatabasamu, macho meupe, unaitikia "naam" kwa adabu zote. Mlango unafunguliwa. Hapo picha inahamia darini, na hatuoni aliyeingia wala anachofanya; tunaona vumbi likielea kwenye mwanga wa taa. Hatua zikishaondoka, mtoto anashuka kujivaa. Ila kila siku kuna kitu kinabaki juu, leo kidole, kesho kiganja, keshokutwa mkono mzima.

Damu haikuonekana, wala jini, wala mtu kupigwa. Ndiyo maana watu walichanganyikiwa: hawakujua walalamikie nini. Mmoja alidai tunafundisha watoto uchawi. Mwalimu mmoja alisema darasa lake zima limechora watoto wasio na mikono, aje atuoneshe? Kuna mama aliyecheka sana, akacheka mpaka nikajua si kicheko kile. Bibi mmoja alitaka kujua kama yule mtoto anapewa chakula, maana hajawahi kumwona akila. Na kulikuwa na kitoto, sauti kama ya kifaranga, kikauliza kwa kunong'ona, "Mkono wake utarudi?" halafu nyuma mtu mzima akauliza nani kashika simu, ikakatwa. Wote hao niliwaambia tutayafikisha panapohusika. Panapohusika palikuwa wapi, mimi sikujua.

Mkuu wetu wa simu tulimwita Mama Asali. Sauti yake ingekuuzia jua mchana kweupe. Alitufundisha kusema kwa sauti ya kazi: ishuke kifuani, itembee polepole, itabasamu hata kama wewe umenuna. "Ukishavaa hivyo vya masikioni si wewe tena," alisema. "Wewe ni kituo. Kituo hakina jina, hakina hasira, wala hakiulizi maswali." Nilijaribu sauti ile kwa mume wangu siku ya kwanza, nikampigia kazini kwake kumtania. Akaniita "madam" na kusema hajaagiza kitu chochote. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Ndiyo maana dada yangu hakunitambua; kwa alivyojua yeye, mimi niko kule chini kwenye kanda.

"Samahani kidogo, sitakuchelewesha," sauti ikasema, na kabla ya hapo alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayetaka kuinua ndoo. Hata ningekuwa usingizini ningeijua pumzi ile. Dada yangu mkubwa, tumbo moja, fundi cherehani wa mji mwingine, mwanamke ambaye kumtoa neno ni kazi ya mchana kutwa! Kicheko kikanipanda. Nilitaka kumwambia, "We Betri, na utu uzima huo wote, na wewe unaangalia katuni?" Maneno yalishafika kwenye meno.

"Naomba usiniulize jina," akasema. "Ukiniuliza jina nitakata."

Nikayameza.

Hapa lazima nirudi nyuma, umjue Betri ni nani. Wazazi wetu walikufa katika ajali moja, mimi bado nanyonya kidole, dada keshaanza shule. Shangazi yetu, dada yake baba, akatuchukua. Watu walimsifu na walistahili kumsifu, maana alikuwa mjane mwenye mtoto wake wa kiume, na bado akaongeza vinywa viwili. Mimi nilikuwa roho yake. Alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini, majirani wakimcheka. Nikiugua alikuwa halali. Mpaka leo, na sasa Shangazi yuko kaburini, nikisikia harufu ya sabuni ya mche nataka kuegemea mgongo wa mtu.

Dada alifanana na mama yetu, mama mtupu kabisa. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba Shangazi na mama yetu hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Wakati ule nilijua tu kwamba dada ni mzito. Ungemsemesha akawa anakutazama, macho yamekodoka, hayupo. "Betri imeisha huyo!" binamu yetu angepiga kelele, yule mtoto wa Shangazi, na jina likamganda. Betri. Na zaidi ya hapo kulikuwa na hadithi ya dukani. Nikimtafuta dada nimkose, nikimuuliza Shangazi, angenijibu, "Betri nimemtuma dukani." Mchana ungepita. Mara ungemwona dada katokea, mikono mitupu, hata hajui alitumwa nini. Tungevunjika mbavu! Ikawa msemo wa nyumbani. Umeme ukikatika, mtu akiuliza utarudi lini, jibu ni kwamba umekwenda dukani na Betri. Mgeni akichelewa, katumwa dukani na Betri. Niliupeleka msemo ule mpaka kwa wakwe zangu, na siku ya harusi yangu binamu aliusimulia kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukacheka, na dada akiwa ameketi meza ya mbele akacheka nao.

Sasa mwezi ule wa katuni, Shangazi alikuwa anaishi kwangu. Miguu ilishamgomea. Kumwogesha, kumvisha, kumgeuza, ilikuwa juu yangu kwa miaka, nami nilichoka, sitaficha. Basi tukafanya kikao sebuleni kwangu. Binamu, mwenye sababu za kutomchukua mama yake nyingi kuliko nguo zake, akatoa wazo: Betri hana mume, hana watoto, ana chumba cha ziada, sasa ni zamu yake. Tukampigia simu tukaiweka sauti ya juu wote tusikie. Mimi ndiye niliyesema, "Dada, umesikia? Mwisho wa mwezi tunakuletea Shangazi." Kimya kirefu. "Betri imeisha!" akasema binamu, na tukacheka, Shangazi naye akacheka kwenye kochi lake. Halafu dada akasema, "Sawa." Nilifurahi siku ile. Nilianza hata kufikiria rangi ya kupaka kile chumba Shangazi akishatoka.

Huyo ndiye aliyekuwa kwenye simu.

"Nasikia watu wanapiga hapo kwenu wanataka muikatishe hiyo katuni," akasema. "Mimi nimepiga kuomba msiikatishe."

Kituo hakiulizi maswali. Nikauliza. "Kwa nini, mpendwa mtazamaji?"

"Kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu."

Nikasikia nyuma yake cherehani ya mtu mwingine ikipiga, ikinyamaza, ikipiga. Alikuwa kazini. Nilijua hasa anaposimama kupiga simu, kule uani kwenye beseni la kufulia vitambaa.

"Nilipokuwa mtoto nilikuwa nafungiwa stoo," akasema. "Si kwa kosa. Nikikosa nilikuwa napigwa, hilo si neno, kila mtoto anapigwa. Stoo ilikuwa kwa sababu ya sura yangu. Alikuwa akinitazama tu, halafu anachukua ufunguo. Mle ndani mlikuwa na magunia na mafuta ya taa, giza, ila chini ya mlango kulikuwa na mwanga kidogo, mstari hivi. Mwanzoni nililia. Baadaye nikajifunza kwenda kukaa kwenye ule mwanga. Unanielewa, dada? Nilikuwa nakaa kule kwenye mwanga, namwona mtoto kajikunyata kwenye magunia. Namwonea huruma, lakini si mimi."

Akaniita dada. Mkubwa wangu, aliyenifunga kamba za viatu, akaniita dada kama unavyomwita mtu baki. Nikasema kwa ile sauti ya kifuani, "Nakuelewa."

"Shida ilikuwa kurudi. Mlango ukifunguliwa, mwili unatoka, mimi nachelewa. Naweza kuchelewa mpaka kesho yake. Watu wananisemesha, nawasikia kwa mbali."

"Nani alikufungia?" Nilikuwa najua. Huwezi kuamini ni kiasi gani nilikuwa nataka ataje mtu mwingine.

"Aliyetulea." Akavuta pumzi. "Simsemi. Mdogo wangu anampenda sana, na alimlea vizuri kweli, siwezi kumharibia. Mdogo wangu alikuwa akiniulizia. Nikiwa mle ndani nilikuwa namsikia, anauliza, dada yuko wapi? Anaambiwa nimetumwa dukani. Na nikitoka natoka mikono mitupu, wanacheka. Mpaka leo kwetu ni utani mkubwa, nikienda kwenye shughuli lazima utasimuliwa. Wakicheka, nacheka. Dada, mimi sijawahi kutumwa dukani hata siku moja."

Sijui nilikaa vipi kwenye kiti kile. Nilitaka kuvua vile vya masikioni, nipige kelele, niseme ni mimi, ni mimi hapa, nisamehe, nisubiri nakuja sasa hivi. Mkono ulikwisha kushika waya. Lakini nilimjua dada yangu. Ningesema jina lake, angekata, na lile neno lingerudi lilikokaa miaka yote, na safari hii lisingetoka tena. Alikuwa amechagua mtu asiye mtu. Basi nikawa kituo. Katika maisha yangu sijafanya jambo gumu kuliko lile, na nimezaa.

"Endelea, nakusikiliza," nikasema.

"Yamekwisha, karibu. Ni kwamba mwisho wa mwezi analetwa kwangu nimtunze. Nimeshakubali. Nilikubali nikiwa huko juu, kama yule mtoto wenu. Mdomo ndio uliosema sawa, mimi nilikuwa naangalia. Na tangu siku ile nimeanza tena kutoka mwilini. Nilikuwa nimepona, miaka mingi. Juzi sindano ya cherehani imepita kwenye kidole changu, nikaiona inapita, nikawaza, maskini, kidole cha mtu. Kuuma kukaja baadaye, naosha vyombo." Akacheka kidogo, kicheko chake cha pua. "Nauliza kitu kimoja tu, halafu nakuacha na kazi zako. Yule mtoto, mwishoni, anarudi mzima? Ninyi si mnazo zote hapo. Niambie tu."

"Sijaitazama," nikasema. "Nitaitazama. Piga kesho laini hii hii, uulize aliyekuahidi."

"Mungu akubariki," akasema, akakata.

Mama Asali alikuwa ananiangalia toka meza yake. "Huyo mrefu huyo," akauliza, "alikuwa analalamika au anasifu?"

"Alikuwa anauliza," nikamjibu, nikainuka, nikaenda chooni nikalia huku bomba nimelifungua ili wasinisikie.

Zamu ilipokwisha nilishuka kwenye chumba cha kanda. Mlango wake ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe, na siku zote sikuujali. Siku ile niliuwekea kiti usifunge. Nikaitoa kanda ya mwisho, nikaitia kwenye mashine.

Mtoto hakurudi mzima. Afadhali nikwambie moja kwa moja, kama nilivyolazimika kumwambia yeye. Mwishoni familia ya yule mtoto inahama. Lori linapakiwa vitanda na masufuria, mtoto anapandishwa mbele, kile kilichobaki cha mwili wake kikiwa kimevishwa koti, mikono ya koti inaning'inia. Anatazama juu kwenye dirisha. Lori linaondoka. Ndani ya nyumba tupu picha inapanda mpaka kwenye ufa, na humo tunaiona ile mikono yake ya penseli, imetulia, kidole kwa kidole. Halafu hatua zinasikika ngazini. Zinapanda, zinafika mlangoni, mlango unafunguka, na hakuna mtu kitini. Hatua zinazunguka chumba. Zinazunguka tena. Mwisho.

Nilikaa pale natazama kioo cheupe. Nilikasirika mno na watu waliochora kitu kile. Wangepungukiwa nini kumrudishia mtoto mikono yake? Ni penseli tu!

Kesho yake asubuhi mkuu wa vipindi akatangaza kwamba katuni imesitishwa kwa heshima ya watazamaji, mahali pake watawekewa sungura wanaoimba. Simu zikawa nyingi vilevile. Sasa walipiga waliotaka irudishwe. Bibi yule alipiga kuuliza mtoto atakula wapi. Nami kila taa ikiwaka naiwahi kabla ya wenzangu, mpaka nikaisikia ile pumzi.

"Samahani, kuna dada jana aliniahidi..."

"Ni mimi," nikasema. "Nimeitazama." Usiku kucha nilikuwa nimepanga kumdanganya. Nilitunga mwisho mzuri kabisa, mtoto anashuka, anajivaa, anakimbia uwanjani. Ulimi ukakataa. "Harudi mzima, mpendwa mtazamaji. Mikono inabaki."

Cherehani kule nyuma ikapiga, ikanyamaza. Nikajilaani.

"Afadhali," dada akasema. "Wangesema anarudi mzima, ningejua na hao wanadanganya." Kisha akauliza, "Sasa inaishaje?"

"Wanahama."

"Na yule wa ngazini? Anahama nao?"

Nilikuwa sijalitazama jambo hilo hivyo. Mimi nilikuwa nimehesabu mikono tu. "Hapana," nikamwambia. "Yeye anabaki. Anamtafuta kwenye nyumba tupu, hamwoni."

Dada alikaa kimya kwa muda mrefu, na hakikuwa kile kimya chake cha kutokuwepo. Nilimsikia anapumua. "Basi huyo mtoto ana bahati," akasema polepole, akanishukuru, akakata. Ile ilikuwa mara ya mwisho kwake kupiga simu pale, na mpaka leo sijamwambia aliongea na nani.

Jioni nilimkuta Shangazi kwenye kochi lake, karibu na dirisha. Nikamletea beseni la maji ya moto, nikapiga magoti kumwosha miguu, kama kila siku. Miguu ile ilikuwa imevimba, ngozi nyororo kama ya mtoto mchanga.

"Umechelewa leo," akasema, anacheka. "Nikajua umetumwa dukani na Betri."

Mimi sikucheka. Nikaendelea kusugua kisigino. "Shangazi," nikasema, "Betri ulikuwa ukimtuma duka gani?"

Kicheko kilikuwa bado kiko usoni mwake. Nikakitazama kinavyokwisha. Hakuuliza maana yangu nini, hakusema nimesahau, hakukasirika. Aliangalia kwenye beseni.

"Maji yamepoa," akasema. "Niongezee, mwanangu."

Nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Nilikuwa nampenda na nilitaka kummwagia maji yale yakichemka, vyote viwili kwa pamoja, na hakuna kilichomshinda mwenzake. Nikachanganya maji ya moto na ya baridi, nikayapima kwa kiwiko, nikarudi, nikamwosha mguu wa pili, nikaukausha vizuri kati ya vidole, maana asipokaushwa pale anapata vidonda.

Binamu nilimpigia siku iliyofuata. "Mama yako habanduki hapa," nikamwambia. "Anabaki kwangu."

"Aa, lakini tulikubaliana! Betri mwenyewe alikubali, si ulikuwepo?"

"Mlikubaliana na mtu ambaye hakuwepo."

"Alikuwa kwenye simu!"

"Nimekwambia hakuwepo. Na wewe, lile jina la Betri, nikilisikia tena kinywani mwako nitakuletea mama yako mlangoni na godoro lake." Akasema nimepandwa na wazimu. Labda nilipandwa. Hakulitumia tena mbele yangu.

Kumpigia dada ndiyo iliyonipa taabu, maana ilinibidi nitumie sauti yangu mwenyewe, hii nyembamba yenye mbio. "Dada, yale mambo ya Shangazi tumeyafuta. Anabaki huku."

Kimya. Sikutania. Nikangoja, nikimpa muda wote wa kufika.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu mwenyewe atakapomchukua."

"Nani kakwambia nini?"

"Nani aniambie nini? Nimechoka tu kuhamishahamisha watu wazima kama makabati." Nikasikia kitu, kikawa kama kicheko na kama si kicheko, nikajua analia. Nami nikaubana mdomo, nisije nikaharibu.

Dada alikuwa hajawahi kukanyaga kwangu tangu Shangazi ahamie. Kila ukimwalika ana nguo za harusi za watu, ana mashine mbovu, ana mafua. Tulikuwa tukisema ana majivuno. Basi siku moja, mvua zimekwisha, namwona kasimama getini, kafunga kilemba kipya, pochi kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mdomo wangu kwa mazoea ukafunguka kusema karibu ndani. Nikaufunga. Nikaingia mwenyewe, nikatoa viti viwili, nikaviweka nje kwenye baraza, nikaleta chai. Akaviangalia vile viti kwa muda, halafu akakaa.

Tukaongea mambo ya kawaida. Akaniambia kwamba gauni langu limeshonwa na adui yangu. Akalipindua pindo, akanionesha uzi ulivyokwenda upogo. Dirisha la sebule lilikuwa wazi nyuma yetu, na kochi la Shangazi liko chini yake, sote wawili tulijua.

"Nani huyo unaongea naye?" Shangazi akaita.

Nilikuwa tayari kusema jirani. Nilikwisha kusema "Ni ji..." dada akaniwekea mkono gotini. Akaweka kikombe chini. Akavuta pumzi.

"Ni mimi, Shangazi."

Ndani kochi likalia. "Betri?"

"Hapana. Ni mimi."

"Sasa mbona huingii ndani?" Sauti ilikuwa ya kizee, ya kudeka, sauti iliyoniimbia mimi nikilala.

"Siingii," dada akasema, hakupandisha wala hakushusha. "Nimekuja kumwona mdogo wangu."

Tulingoja. Dada alikuwa akitetemeka mpaka kiti kinagonga sakafu, nikamshika mkono.

"Usiniachie," akaniambia.

Sikumwachia.